Neno Moja la Mkalimani

Ukimuuliza Mkalimani jambo lolote, hata kama ni kumwomba akupitishie chumvi, alinyamaza kwanza. Alikutazama mdomoni kama anayengoja kuona iwapo kuna neno jingine linakuja nyuma ya lile la kwanza, kisha ndipo akajibu. Wageni walimdhania ni mzito wa kusikia. Mimi nilifanya kazi naye meza kwa meza kwa miaka kumi na mmoja, katika korti moja ya huku Pwani, na najua kwamba alikuwa akisikia hata karatasi ikianguka chumba cha pili. Tabia ile ya kunyamaza hakuwa nayo nilipomkuta. Nilipomkuta alikuwa mwepesi wa ulimi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

Jina lake sitalitaja, na nadhani hatanilaumu. Hata pale kazini hatukulitumia. Mahakimu walimwita Mkalimani, watu waliokuja na kesi zao wakamwita Bwana Mkalimani, na mimi, kwa kuwa alikuwa rika la baba yangu mdogo, nilimwita Ami. Nilikuwa karani mpya kutoka Waa, sijui faili ya kesi ya mbuzi inawekwa wapi na ya shamba wapi. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shahidi, mikono nyuma, na kuyahamisha maneno. Hakimu aliandika kwa Kiingereza. Mama wa Msambweni alisema Kidigo, mfugaji wa Kinango akasema Kiduruma, mfanyabiashara wa bara akaja na Kiingereza chake cha haraka. Mkalimani aliyapokea yote upande mmoja na kuyatoa upande wa pili. Shahidi akisema "nilimpiga", naye alisema "nilimpiga", si "anasema alimpiga". Ndivyo kazi ile inavyotaka.

"Mwanangu," aliniambia siku yangu ya kwanza, tukila mahamri na mbaazi kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara, "leo mimi nimeiba ng'ombe, nimezaa nje ya ndoa, na nimechoma nyumba ya shemeji yangu. Na saa sita bado haijafika."

Alicheka peke yake mpaka akapaliwa na chai.

Kiingereza chake hakukipata chuoni. Alikipata nyuma ya kaunta ya baa, katika hoteli moja ya Diani, miaka kumi na minne ya kuwauliza watalii wanakunywa nini na kuwasikiliza baada ya kunywa. Hoteli ilipofungwa, akaomba kazi kortini, na aliyemhoji alishangaa jinsi alivyokuwa akiongea. Kilikuwa Kiingereza kizuri, chenye adabu, chenye vicheko mahali pake. Alijivunia jambo moja kupita yote: hakuwahi kumwomba shahidi arudie. Wakalimani wengine huinua mkono, "Samahani, sema tena." Yeye kamwe. Maneno yalikuwa hayajakauka midomoni mwa mtu, tayari ameshayatoa.

Nyumbani kwake Ukunda alikuwa mtu mwingine. Mkewe, mwanamke mcheshi aliyeshona mapazia ya hoteli, alizoea kuniambia, "Ami yako maneno yote huyamaliza huko kwenu. Mimi huletewa viatu tu." Kwa kweli viatu vilikuwa vikipigwa rangi kila jioni, hata mwezi wa masika, hata kesho yake ikiwa Jumapili. Alikuwa mkali sana juu ya ukweli. Aliwahi kurudi kutoka Ukunda mpaka Diani kwa miguu kumwambia mwuza samaki kwamba samaki aliyemwita changu hakuwa changu. Hata hivyo mtu huyu, kwa miaka mingi, alimdanganya mkewe kila Jumamosi. Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kikoneni aliyeitwa Nyamawi. Alikuwa na shamba la minazi na mikorosho, na kipande chake cha pembeni, karibu na barabara, alikuwa amemwuzia tajiri mmoja. Mpwa wake akamshitaki, akisema lile lilikuwa shamba la ukoo na mzee hakuwa na haki ya kuliuza peke yake. Nusu ya kijiji ilikuja kusikiliza, wamekodi lori, wamejaa mabenchi yote ya nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya hakimu na faili zangu.

Shahidi wa tatu alikuwa dalali aliyewaunganisha mzee na tajiri, kijana wa bara, tai shingoni. Akashika kitabu, akaapa, akaanza kusema Kiingereza. Wakili wa mpwa akamuuliza kama bei ilikuwa nzuri. Dalali akatabasamu, akasema, "The old man made a killing on that land."

Mkalimani hakungoja. Kwa sauti ile yake safi iliyofika mpaka mlangoni, akasema:

"Mzee huyu alifanya mauaji katika shamba lile."

Nakumbuka feni. Ndicho kitu pekee kilichosikika. Kisha mabenchi ya nyuma yakalipuka.

Ni lazima nieleze kwa nini. Miaka mitatu nyuma, Mzee Nyamawi alikuwa na kibarua aitwaye Karisa, mgeni, mchoma makaa, ambaye siku moja hakuonekana tena. Hakuaga mtu. Alikuwa mgeni na wageni huondoka, basi watu walisema mawili matatu wakasahau. Sasa korti ilikuwa imewakumbusha. Mwanamke mmoja alipiga ukelele, "Karisa!" Watu wakasimama. Wengine walikimbilia nje kupiga simu, na ndani ya dakika mbili mabenchi mawili yalikuwa matupu.

Mzee Nyamawi, aliyekuwa amekaa mbele na kofia yake ya kutarizi magotini, alimgeukia Mkalimani. Hakumgeukia hakimu wala wakili. Akamuuliza kwa Kidigo, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Nimeua nani?"

Mkalimani, kwa mazoea ya kazi, alifungua mdomo kulipeleka swali lile upande wa pili. Halikutoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akikwama.

Hakimu, mama mmoja mpole, aligonga meza. Akamwambia Mkalimani kwamba ule ni msemo tu wa Kiingereza, kwamba maana yake ni kupata pesa nyingi kwa mara moja. Akamwamuru asahihishe. Mkalimani akasahihisha. Akasema shahidi amesema kwamba mzee alipata faida kubwa, kwa haraka. Alilisema mara mbili, mara ya pili akiutazama mlango ambako watu walikuwa wametokea. Wale waliobaki ndani walitazamana. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Umesikia? Aliua, akapata pesa."

Masahihisho yalikuwa yameliongezea neno lile mkia. Kama mzee angekuwa ameua tu, pengine watu wangesema ni hasira. Sasa aliua ili atajirike. Damu ya mgeni asiye na ndugu ilikuwa imefukiwa shambani, na shamba likanunuliwa kwa bei ambayo hakuna aliyewahi kuisikia Kikoneni.

Mzee alishinda kesi. Shamba lilikuwa lake, hati zilikuwa zake. Kijijini wakasema ameinunua korti pia.

Alikuja miezi michache baadaye kuchukua nakala ya hukumu. Nilimpa, akaikunja mara nne. Mkalimani alitoka chumbani akamsalimia kwa kuinama. Mzee akamtazama bila chuki. Nadhani Mkalimani angependelea chuki.

"Nimeshinda, Bwana Mkalimani," mzee alisema. "Lakini wakwezi hawaji. Nazi zinaanguka zenyewe, usiku nazisikia. Wanawake wa kuokota korosho nao hawaji. Nikienda msikitini, safu inajaa kulia, inajaa kushoto, mimi nabaki na nafasi ya watu wawili kila upande. Sasa wewe ndiwe uliyelisema. Njoo ulirudishe."

"Nitakuja," Mkalimani alisema.

Akaanza kwenda. Kila Jumamosi alimuaga mkewe kwamba anakwenda kumwangalia rafiki mgonjwa Msambweni, akapanda gari, akashuka, akachukua pikipiki mpaka Kikoneni, akakaa kwenye baraza ya duka na kueleza maana ya neno moja la Kiingereza. Kwa nini alimficha mkewe, hilo nilikuja kulijua baadaye. Aliniambia, "Nikimwambia, itabidi niliseme tena lile neno ndani ya nyumba yangu."

Lile neno alilisoma kama mtu anavyosoma ugonjwa wake. Alinunua daftari la shule la kurasa tisini na sita akawa analiwinda. Likisemwa redioni katika habari za biashara, aliandika. Akiliona gazetini, alikata na kubandika. Alirudi hata Diani, kwa marafiki zake wa zamani wa baa, akawaomba wamwitie kila mtalii anayeonekana mfanyabiashara. Alinisomea daftari lile wakati wa chakula cha mchana, sauti chini.

"Sikiliza, mwanangu. Halisemwi kwa mshahara. Mtu hawezi kupata mshahara wakasema neno hili. Halisemwi kwa mkulima aliyelima miaka ishirini akajenga. Lazima pesa ziwe nyingi, ziwe za ghafla, na ziwe na harufu ya bahati kidogo. Aliyeuza nyumba kabla bei haijaanguka, wanalisema. Aliyeuza miavuli mvua iliponyesha kwenye mechi, wanalisema. Na wanalisema wakicheka. Hili ndilo linalonishinda. Wanalisema wakicheka."

Mara moja alimpata mama wa Kizungu aliyekuwa ameuza nyumba yake ya ufukweni, ameketi na glasi mkononi, na mama yule akalisema mwenyewe bila kuulizwa. Mkalimani akamuuliza kwa adabu zote kwa nini wanasema kuua. Ni nani anayeuawa? Mama alifikiri, akatikisa kichwa, akasema hajui, ni msemo tu. Kisha akamwagizia soda.

"Hajui," Ami alinirudia mara kadhaa siku ile. "Amelisema maisha yake yote, naye hajui. Halimdhuru kitu."

Jumamosi moja aliniomba nimsindikize. Alifikiri watu watanisikiliza mimi, msichana Mdigo, mtoto wa Waa, niliyekuwepo siku yenyewe. Nilikwenda. Tulikaa kwenye baraza ya duka, na mwenye duka, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, akatupa maji ya kunywa. Watu saba hivi walikusanyika. Nikawaeleza nilichokiona. Ami akafungua daftari.

"Ndugu zangu," akasema, "hata sisi tunasema hivi. Mtu akikuchekesha sana, husemi 'umeniua'? Nani amewahi kumwita polisi kwa sababu hiyo?"

Wawili walicheka. Nikaona uso wa Ami ukifunguka. Mwenye duka akangoja kicheko kiishe.

"Ni kweli, Bwana Mkalimani, tunasema," akajibu. "Tunasema hapa barazani. Lakini yule shahidi alishika kitabu cha dini akaapa. Mtu huapa, halafu akafanya mzaha?"

"Hakuwa akifanya mzaha. Ni lugha yao."

"Basi lugha yao wanaijua wao. Wewe uliijua siku ile, ukasema aliua. Ukaambiwa na mkubwa wako useme vingine, ukasema vingine. Sisi tushike lipi?" Akamjazia maji. "Na tena nikuulize, usikasirike. Wiki ya ngapi hii unakuja? Nauli anakulipia nani?"

"Natoa mfukoni mwangu."

"Kila wiki? Kwa mtu asiye ndugu yako?"

Ami akalifunga daftari. Alikuwa ameshaanza ile tabia yake ya kutazama midomo ya watu. Nikaona alichokiona: kwamba kila Jumamosi aliyokuja kumsafisha mzee ilikuwa imehesabiwa kama ushahidi. Akiacha kuja, amekimbia. Akija, amelipwa.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Ami, acha. Umefanya uwezalo."

"Nikiacha sasa, neno litakalobaki pale ni lile la kwanza."

Mwaka uliofuata alipata barua ya uhamisho, cheo juu, mji mwingine, nyumba ya serikali. Tulimpongeza. Mama hakimu alileta keki. Siku ya Ijumaa nikamwona akiiandikia barua ile jibu la kuikataa, kwa mwandiko wake wa kulala, mistari mitatu. Nilikasirika naye waziwazi, jambo ambalo si adabu yangu. Nikamwuliza anamfanyia nani haya, wakati mzee mwenyewe amekwisha kuzoea.

"Amezoea?" alisema. "Wewe ulikwenda mara moja. Mkewe alipofariki tulimzika watu sita. Mimi nilikuwa wa sita. Jeneza lilikuwa zito, mwanangu, ilibidi tulitue mara mbili njiani, na watu wanatutazama kutoka mashambani mwao."

Sikumwuliza tena.

Mahakimu wapya walikuja wakamwona ni mkalimani mgumu. Sasa alikuwa akiinua mkono kila sentensi ya pili. "Samahani, sema tena." Kesi ya saa moja ikachukua mbili. Kuna wakili aliyemwombea ahamishiwe masijala, naye akakubali bila kinyongo, akaacha kusimama kando ya mashahidi. Akawa anapiga mihuri.

Ni huko masijala alikolipata wazo la Karisa. Kama mtu hakufa, basi yuko mahali. Alichukua likizo yake yote ya mwaka. Alikwenda Lungalunga, akateremka Vanga, akapanda Shimoni, akiwauliza wachoma makaa na wapakia lori kama wanamjua Karisa mwenye kovu la moto mkononi. Ilimchukua likizo mbili. Alimpata Lungalunga, mahali alipoanzia, katika kibanda cha chipsi, akikaanga viazi. Aliniambia kwamba alikaa akala sahani mbili kabla ya kuweza kusema naye.

Karisa hakutaka kurudi. Alikuwa ameondoka Kikoneni na mbuzi wawili wa Mzee Nyamawi na kuwauza. Miaka yote aliishi akidhani anatafutwa.

"Nikifika nitafungwa," alisema.

"Usipofika, kuna mwenzio amefungwa tayari," Ami akamwambia.

Akarudi kwa mzee kumweleza. Mzee Nyamawi akasema, "Mwambie mbuzi wale nimemsamehe. Mwambie aje achukue na wa tatu."

Karisa alikuja Jumamosi. Mkalimani alitembea naye kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, hana daftari siku hiyo, hana maelezo. Watu walimshika Karisa mikono, wakalitazama lile kovu. Mwanamke aliyepiga ukelele kortini alilia akamkumbatia. Mwenye duka alimpa soda, akampa na Mkalimani. Mzee Nyamawi alitoka mpaka barabarani, na watu wakamsalimia kwa jina. Jumatatu wakwezi walikuja wenyewe, na Ami aliingia kazini na mfuko wa madafu, akagawia ofisi nzima, hata mahabusu waliokuwa wakingoja nje. Wiki ile alinijibu maswali yangu yote bila kungoja. Nilidhani tumempata tena.

Ilichukua mwezi. Nilisikia kutoka kwake mwenyewe, amesimama mlangoni pangu na muhuri mkononi.

"Wanasema hakuwa Karisa," akasema.

"Lakini wamemwona!"

"Wamemwona. Wanasema, kumbe si Karisa aliyeuawa, basi ni nani? Wameanza kuwahesabu vibarua wote waliopita pale tangu mzee akiwa kijana. Mwenye duka ameniambia kwa upole kabisa: yule shahidi aliapa kwamba mzee aliua. Hakutaja Karisa. Karisa tulimtaja sisi."

Alitazama ule muhuri kama hajui umefikaje mkononi mwake. Akarudi masijala.

Alistaafu baadaye kidogo, bila sherehe kwa sababu aliomba isifanywe. Nami nikaacha kazi ile, nikafungua duka la vifaa vya shule Ukunda. Mwanzoni nilikuwa nikimwona, halafu sikumwona. Nilikutana na mkewe sokoni, amekonda, akaniambia Ami yangu sasa hulala Kikoneni Jumatano mpaka Jumatatu. "Ananiambia anasaidia mtu kuotesha miche," akasema. "Nenda ukamwone, mwanangu. Mimi nikienda nitajua jambo ambalo sitaki kulijua."

Nikaenda mwezi uliopita. Niliteremka kwenye njia kuu nikaingia kwa miguu kwenye njia ya shambani, nyasi zimeota katikati. Niliwakuta wote wawili uani. Mkalimani alikuwa amevaa shuka na fulana, miguu mitupu, anafua nazi, zile zilizoanguka zenyewe, kwenye kifuo, mti wenye ncha wa kuondolea makumbi. Mzee Nyamawi alikuwa kwenye kitanda cha kamba, macho yameingia ukungu, anapanga makumbi kwa kupapasa.

"Shikamoo, Ami."

Akangoja. "Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekula?"

Tulikula mihogo ya nazi. Alikuwa mzuri wa kupika, jambo ambalo sikulijua. Mzee alipokwenda kulala, nilimwomba arudi kwake. Nilimwambia kuhusu mkewe. Nilimwambia kwamba kosa lake lilikuwa la nusu dakika, kwamba alilisahihisha palepale mbele yangu, kwamba hakuna kadhi wala hakimu ambaye angemhukumu hivi alivyojihukumu.

"Sikai kwa ajili ya kosa," alisema. "Hayo niliyamaliza."

"Basi unakaa kwa nini?"

Safari hii hakuutazama mdomo wangu.

"Mzee ameanza kusahau," akasema. "Mwaka jana alianza. Anaamka alfajiri ananiita. Ananiuliza, yule mtu, tulimlaza kuelekea kibla? Namwambia hakuna mtu, mzee. Ananiuliza kama kaburi limeota majani, kama nimelifagia. Namwambia hakuna kaburi. Analia, mwanangu. Anaomba msamaha kwa mtu ambaye hayupo. Miaka yote kijiji kinamwambia, na yeye peke yake alikuwa akijua si kweli. Sasa amelisahau hilo." Akachukua nazi nyingine, akaisukuma kwenye kifuo. "Kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia kila asubuhi kwamba hakuua. Nikilala Ukunda, asubuhi hiyo atakuwa muuaji."

Tulikaa tukisikiliza mzee akikoroma.

Wakati wa kuondoka alinifungia nazi nne kwenye mfuko, amezisafisha vizuri, akaniambia nimpelekee mkewe mbili. Alinisindikiza mpaka mwisho wa ua, hakuvuka. Akaniombea dua ya safari, nikaenda.

Barabarani nilisimamisha pikipiki. Mwendeshaji alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe kidogo, mstaarabu. Aliutazama mfuko, akaitazama ile njia yenye nyasi katikati. Kule ndani kuna nyumba moja tu.

"Mama, unatoka kwa nani?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua kwa miaka. Nilikuwemo katika chumba kile, nililisikia neno likisemwa na nililisikia likisahihishwa, na baada ya Mkalimani hakuna mtu aliyebaki anayelijua kuliko mimi. Jua lilikuwa linateremka, hapakuwa na pikipiki nyingine, na mtu yule alikuwa bado hajazima injini.

"Nimepotea njia," nikasema. "Nilikuwa natafuta kwa mtu mwingine."

"Afadhali umerudi. Kule hakuendeki." Akaunyoshea kidole mfuko wangu. "Na hizo?"

"Nimeziokota."

"Usizile, mama. Nisikilize mimi. Wala usinipandie nazo."

Nikauweka mfuko chini kando ya barabara, polepole, ili zisigongane. Kisha nikapanda.